Mwaka Niliozishabikia Timu Zote Isipokuwa Yangu

Neema alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Kahama, nabishana na mteja juu ya cheni ya pikipiki. Aliponiita "kaka Shija" kwa sauti ile ya chini nilijua kabla hajamaliza. Baba yake alikuwa ametangulia alfajiri, mazishi yangefanyika Rwamgasa keshokutwa, na mama yake alikuwa anaomba nije nizungumze kwa niaba ya marafiki wa zamani. "Ila Mama amesema," Neema akaongeza, "ukifika umwone kwanza, umwambie utasema nini." Mtu mwingine angeudhika. Mimi nilielewa kabisa. Kule Rwamgasa wako watu ambao mpaka leo, na mvi zao kichwani, hawapendi nifungue mdomo karibu na kitu wanachokipenda. Nilimwachia mteja ile cheni kwa bei aliyoitaka, nikafunga duka, nikakaa kwenye kiti changu kule ndani nikalia. Halafu, katikati ya kulia, nikakumbuka firigisi, nikaanza kucheka peke yangu mpaka jirani wa duka la dawa akaja kuchungulia.

Ya nyumbani kwetu Kishapu sitayaeleza. Ilikuwa pamba, ng'ombe na vumbi, na aliyewahi kupita Mhunze wakati wa kiangazi ameshaiona nyumba yetu hata kama hakusimama. Kinachohitajika ni jina langu tu. Kwa Wasukuma, Shija ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, na mapacha kwetu si jambo dogo. Wapo wanaoamini kwamba anayewafuata tumboni hutoka na vitu fulani ambavyo wao waliviacha huko. Mimi sikuwahi kutoka na kitu chochote. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, beki wa kushoto wa timu ya shule kabla shule haijaisha, nikaenda Rwamgasa kwa sababu kila aliyekuwa na mikono mwaka ule alikwenda kwenye dhahabu.

Chumba nilichopata kilikuwa nyuma ya mgahawa wa Mama Neema. Kuta tatu zilikuwa za mabati na ya nne ilikuwa ya viroba vilivyoshonwa pamoja, na upande wa pili wa viroba hivyo ndiko wateja walikokaa. Kwa hiyo nililala chali kitandani nikijua nani kaagiza ugali na dagaa, nani kaomba aongezewe mchuzi bila kulipia, nani katoka Bugarama na habari gani. Mama Neema alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamuru hata alipokuwa anasalimia, na jioni alitupikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwa sababu, alisema, wali wa kila siku unawalegeza wanaume. Mumewe ndiye aliyenipa kazi. Baba Neema alikuwa na duara lake, yaani shimo la kuchimbia, nyuma ya kilima, na pia alikuwa mwenyekiti wa mashabiki wa Nyundo, timu ya mpira ya Rwamgasa. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ya pama, ambaye hakuacha kitu kitupwe. Mchanga ambao wenzake waliuosha kutafuta dhahabu na kuumwaga, ule tunaouita marudio, yeye aliukusanya na kuuosha upya, na mara nyingi alipata chochote.

Mimi nilikuwa mvuta kamba. Nilisimama mdomoni mwa duara nikivuta mawe yaliyojazwa huko chini, na kila walipofikia mwamba mpya ilifanyika sampo: mawe kidogo yanatwangwa, yanaoshwa kwenye karai, halafu watu wote wanainama kuangalia mstari wa dhahabu uliobaki. Niliona jambo la ajabu. Kadiri mstari ulivyonenepa ndivyo nyuso zilivyokunjamana. Baba Neema alilitikisa karai, akatema mate pembeni, akasema kwa uchungu, "Hamna kitu." Wachimbaji wakaitikia, "Hamna kitu kabisa," wakateremka shimoni mbio kama watu wanaokimbilia harusi. Hakuna aliyenieleza kwamba pale dhahabu haisifiwi, kwamba ukiipata unaisema vibaya ili isihame. Mimi niliinama kwenye karai, nikaona mstari mnene wa kupendeza, nikasema kwa sauti safi niliyofundishwa shuleni, "Baba, haya mawe ni mazuri sana. Wiki ijayo tutakula nyama."

Kesho yake maji yakapasuka ndani ya duara. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini mawe yote mazuri yakafunikwa. Simoni, Msumbwa mpiga moko, yaani mgonga mwamba, aliyekuwa chini kabisa, alipanda na kamba amelowa mpaka kofia, akanisogelea na kuniuliza jina langu. Nikamwambia. "Shija wa baada ya mapacha?" akauliza. Nikasema ndiyo, kwa furaha, nikidhani tunafahamiana ukoo. Akawageukia wenzake akawatazama, nao wakanitazama, na kuanzia siku ile kamba ikawa inavutwa na mtu mwingine huku mimi nikitumwa kuleta maji ya kunywa.

Mimi siamini gundu. Nalisema mapema ili tusije tukapotezana njiani. Lakini inabidi nieleze kilichotokea Jumapili ile ya kutabiri msimu, kwa sababu huo ndio uliokuwa mwanzo wa kazi yangu mpya. Kila mwaka, kabla ya ligi ya kanda kuanza, mashabiki wa Nyundo walikusanyika mgahawani baada ya ibada na kuzipitia timu moja baada ya nyingine, kwa umakini ambao sijawahi kuuona hata kwenye mkutano wa kijiji. Nilikaa pembeni na kikombe changu cha chai nikasikiliza kwa raha. Katoro, walisema, wana golikipa hodari lakini anaogopa mbwa, na uwanja wa Katoro hauishiwi mbwa. Bugarama wamepata viatu vipya, watateleza mpaka vizoee miguu. Jineri, timu ya kwetu Mhunze, ilisemwa kuwa inacheza kwa kiu, yaani inakimbia mpaka mwisho kama ng'ombe walioona bwawa, nami nikavimba kifua kidogo. Halafu wakafika kwa Nyundo. Hamisi, mchimbaji wa Kigoma mwenye kofia nyeupe na hoja nyingi, akasimama akasema Nyundo mwaka huu ni mizigo, wanashuka daraja. Simoni akasema hata daraja la chini watalikosa. Mwingine akasema timu ivunjwe tu, jezi zigawiwe kwa wahitaji. Baba Neema alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Hamna kitu." Na mimi, niliyekuwa nimewaangalia Nyundo wakifanya mazoezi kila jioni na kuwapenda kuliko timu yoyote niliyopata kuiona, nikashindwa kuvumilia. Nikasimama nikasema kwamba wazee mnaionea hii timu, kwamba kiungo wetu ni bora kuliko wote, mshambuliaji wetu lazima afunge mechi ya kwanza, na tukipata beki wa kushoto tunapanda daraja.

Mtu aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna. Mama Neema alitokeza kichwa jikoni kuona kwa nini kumekuwa kimya. Nakumbuka Hamisi alifumba macho na midomo yake ikacheza, nadhani alikuwa anaomba dua.

Mechi ya kwanza mshambuliaji wetu aliteguka kifundo cha mguu akipasha misuli, kabla filimbi haijapulizwa, kwa kukanyaga chupa ya maji. Mtu akasema, "Maji tena," na hilo likawatosha. Tulifungwa manne. Jioni yake nililala kitandani nikisikiliza, kupitia viroba, kesi yangu ikisikilizwa. Simoni alitaka nirudishwe Kishapu na basi la asubuhi. Hamisi alisema Kishapu hakutoshi, gundu la namna ile linaweza kufika kwa simu. Niliumia, sitaficha. Sikuwa na rafiki mwingine pale, na timu ile ilikuwa kitu cha kwanza nilichokipenda ugenini. Ndipo nikasikia sauti ya Baba Neema, taratibu, kama mtu anayefikiria karai lake. "Ninyi mnamwaga vitu haraka sana," alisema. "Marudio nayaosha napata. Huyu kijana akisifu kitu kinaharibika. Vizuri. Sasa kwa nini asiwasifu Katoro?"

Vikafuata vicheko, halafu mtu akagonga meza. Mama Neema akasema kutoka jikoni, "Wanaume wazima, mnaogopa mdomo wa mtoto wa watu." Lakini hakuna aliyemsikiliza, na kesho yake nikaitwa, nikakalishwa kwenye kiti chenye mgongo, nikawekewa sahani ya kuku. Juu ya sahani ilikuwepo firigisi. Katika nyumba zetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, watoto wanakua wakiitazama tu, na pale ilikuwa mbele yangu na Baba Neema mwenyewe alikuwa ameisogeza kwa kidole. "Kula, mwanangu," akasema. "Ukishiba utuambie Katoro watatufanyaje Jumamosi." Nikala. Nikatabiri. Nilisema Katoro watatufunga matatu, golikipa wao atadaka hata upepo, na mbwa wote wa Katoro watakuwa wamelala. Tulishinda mawili kwa moja, na bao la pili lilitokana na mbwa.

Basi nikawa na cheo. Kila wiki niliisoma timu inayokuja kama mwanafunzi wa mtihani, nikaisifu mbele ya watu, nikala firigisi, na Nyundo wakashinda. Tatizo lililetwa na Hamisi, ambaye hakuweza kuacha jambo likatulia. Alisimama jioni moja akasema neno bila nia ni kelele tu. "Huyu anasema Bugarama watashinda," akaeleza, akihesabu kwa vidole, "lakini moyoni anataka wafungwe. Kwa hiyo moyoni ametabiri watafungwa. Na akitabiri wafungwe, wanashinda. Mnaiona hatari?" Waliiona. Mimi sikuiona mpaka alipoirudia mara ya pili, na hata hapo ilinitoroka. Simoni akauliza kwa hofu tufanye nini. Hamisi akasema kijana ajifunze kuwapenda. Mama Neema alikuwa anapita na sufuria akauliza, "Na mimi nikimpikia ugali kwa nia ya wali, atakula nini?" Walimwambia hayo si mambo ya jikoni. Ikaamuliwa kwamba kila mechi nitafutiwe jezi ya wapinzani, niivae toka Ijumaa, nilale nayo, na uwanjani nikae katikati ya mashabiki wao, nikiimba nyimbo zao, mpaka moyo uzoee.

Sijui kama msomaji ameshawahi kukatazwa kushangilia timu yake. Watu wanadhani kushabikia ni kelele tu, nami pia nilidhani hivyo. Mwaka ule wote nilitaka kitu kimoja: kusimama siku moja upande wa Nyundo, katikati ya Simoni na Hamisi na wengine, na kupiga kelele mpaka sauti ikauke. Sikupata. Mpira wenyewe sikuruhusiwa kuugusa. Niliwahi kumwambia Baba Neema kwamba mimi ni beki wa kushoto, na timu haina beki wa kushoto, akaniangalia kwa huruma kama mtu aliyeombwa kuwasha kiberiti kwenye ghala la baruti. Jumapili wenzangu walikaa mgahawani wakisimulia mabao ya jana, nani alimpa nani, nani alikosa, na mimi nilikuwa nyuma ya viroba nimevaa jezi ya Bugarama, nikisikiliza mechi niliyoiangalia kwa macho yangu lakini kutoka upande usiofaa. Wakati mwingine Hamisi alikosea kusimulia na mimi nilijua, kwa sababu kutoka kwa wapinzani bao lile lilionekana vizuri zaidi, lakini ningeanzia wapi kumsahihisha.

Kilele cha mateso kilikuwa mechi ya marudiano na Katoro. Nilikaa katikati ya wanawake wa mnadani wenye sauti za kuuzia vitenge, nimevaa jezi yao, nikiimba. Dakika za mwisho kiungo wetu aliupiga mpira kutoka mbali sana, ukaenda ukiwa umenyooka, ukaingia kwenye kona ya goli, na hilo lilikuwa bao zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona mpaka leo hii ninapoandika. Nikafunika mdomo kwa mikono miwili. Machozi yakanitoka. Mama mmoja mnene aliyekuwa kando yangu akanivutia kifuani kwake, akanipigapiga mgongoni. "Usilie, mwanangu," akasema. "Hii timu yetu ndivyo ilivyo, utaizoea." Akanifungulia karanga za kuchemsha kwenye kanga yake akanilazimisha nile. Nilizila huku nalia, na yeye akawaambia wenzake kwamba laiti wachezaji wangekuwa na uchungu na timu kama huyu kijana. Ng'ambo ya uwanja niliona Baba Neema amevua kofia yake ya pama anairusha juu. Nilimwonea wivu mpaka karanga zikanikwama.

Mechi ya mwisho ya msimu ilituangukia Mhunze, dhidi ya Jineri. Tukishinda tunapanda daraja. Tukitoka sare au tukifungwa, tunabaki. Mgahawani walishangilia ratiba hiyo. Hamisi alisema sasa mambo yamekaa sawa, kwa sababu Jineri ni timu ya kwao Shija, ameinyonya na maziwa, kwa hiyo safari hii moyo na mdomo vinakwenda pamoja na hakuna hesabu itakayoharibika. Nilitabiri Jineri watashinda. Nilikula firigisi. Lakini ndani ya lori la kwenda Kishapu, nikiwa nimevaa jezi ya timu ambayo utotoni nilipanda miti kuiangalia, niliyatafuta mapenzi hayo kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko aliouzoea, na hayakuwepo. Nilitaka Nyundo washinde. Sikumwambia mtu. Niliangalia mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa yakipita, nikaona aibu kwa nyumbani na aibu kwa Rwamgasa.

Uwanja ulikuwa wa shule, mkavu, na upande mmoja wa goli walipita ng'ombe wa watu kwenda kunywa maji. Mjomba wangu Maduhu alikuwepo, na fimbo yake, na nusu ya kijiji. "Mwadila, ng'wanawane," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mwanawe, akaniwekea mkono begani. "Umerudi kuishangilia timu yako." Mimi nikasema ndiyo mjomba. Jineri walicheza kwa kiu ileile waliyosemwa. Walitufunga la kwanza mapema kupitia upande wetu wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu, na baada ya mapumziko wakatufunga la pili kupitia palepale. Mjomba alinitikisa kwa furaha akasema nimewaletea baraka. Ng'ambo niliona wenzangu wamekaa chini, Simoni ameweka kichwa kati ya magoti. Halafu nikamwona Baba Neema amesimama. Alianza kuzunguka uwanja taratibu, akapita nyuma ya goli, akapenya katikati ya ng'ombe akiwagusa mgongoni kuwasogeza, akaja mpaka kwenye mashabiki wa Jineri, akaketi chini kando yangu.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

"Marahaba." Alikaa akiangalia uwanja. "Niambie kweli. Moyo wako uko wapi?"

"Uko kwa Nyundo, Baba. Nimejaribu kuuhamisha umekataa."

"Tangu leo?"

"Tangu siku ya kwanza. Katoro, Bugarama, kote. Jezi tu ndiyo iliyokuwa ya kwao."

Alivua kofia, akaikagua kwa ndani, akaivaa tena. Niliona anapiga hesabu za Hamisi kichwani na zinamkatalia. "Kumbe mechi zote zile tulizoshinda," akasema polepole, "ulikuwa unatuombea sisi." Nikasema ndiyo. Jineri walikosa bao la tatu na yeye hakugeuka. "Basi shangilia," akasema.

"Je, tukiharibikiwa?"

"Tumeshaharibikiwa mawili. Mwaka mzima umekula firigisi yangu, sijakusikia hata siku moja ukiiimbia timu yako. Shangilia, mwanangu."

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa jezi ya Jineri, katikati ya ukoo wangu, mjomba wangu ameniwekea mkono begani, nikaita Nyundo kwa sauti ambayo ilikuwa imekaa kifuani msimu mzima. Ilitoka imekwaruza, haikufanana na yangu. Watu wote waligeuka. Mjomba aliuondoa mkono wake begani taratibu. Ng'ambo ya uwanja Simoni aliinua kichwa, Hamisi akasimama ameshika kofia yake, na kwa sababu ambayo hata sasa siwezi kuieleza, mshambuliaji wetu, yule wa kifundo, akaupata mpira akafunga. Niliruka. Nilimkumbatia Baba Neema, nikamwangusha, tukagaagaa kwenye vumbi. Katika mwaka ule wote sikuwa na furaha nyingine inayoikaribia ile. Nikainuka, nikanyoosha mkono kuelekea goli nikatangaza kwa Kishapu nzima, "Hii tunasawazisha sasa hivi."

Jineri wakapata la tatu kabla sijashusha mkono.

Baba Neema alikuwa bado yuko chini. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yanamchuruzika na vumbi. "Hilo umelitabiri," akasema alipoweza kusema. "Nilikwambia ushangilie, sikukwambia utabiri."

Kwenye lori la kurudi Simoni ndiye aliyeanza, akasema kosa lilikuwa kumpeleka Shija nyumbani kwao. Hamisi akaanza kueleza nia. Baba Neema akamkata, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. "Mabao matatu yamepita kushoto," akasema. "Beki wa kushoto tulikuwa naye. Tulimkalisha na mashabiki wa wenzetu." Baada ya hapo mtu mmoja, sikumwona nani, akanipa koti lake nijifunike, maana jezi ya Jineri ilikuwa nyepesi.

Hata hivyo mdomoni mwa duara sikurudishwa. Kukubaliwa na Baba Neema kulikuwa jambo moja na kuwashawishi watu wanaoteremka chini ya ardhi kwa kamba kulikuwa jambo jingine, wala sikuwalaumu. Nilipata habari ya fundi wa pikipiki Kahama aliyetaka msaidizi, nikafunga mzigo. Mama Neema alinifungia michembe kwenye mfuko, akanikemea kwa nini nimekonda wakati nimekula kuku wote wale. Baba Neema alinisindikiza stendi. Nilitegemea aniombee safari njema, anibariki kama wazee wanavyobariki. Alinitazama juu mpaka chini, akatema mate pembeni. "Wewe hamna kitu," akasema. "Huko Kahama hufiki popote. Hutapata duka, hutapata mke, hutapata mtoto wa kukuita baba. Utarudi hapa na njaa." Abiria mmoja alimkemea, akamwambia mzee humlaani kijana wa watu namna hiyo. Nilipanda basi nikalia mpaka tulipoipita Geita, kwa sababu hakuna aliyewahi kunitakia mema makubwa kiasi kile.

Nilipata duka. Nilipata mke na watoto wanne, na wote wananiita baba, hasa wanapotaka kitu. Hayo yote niliyabeba nilipoingia Rwamgasa kumzika. Chumba changu hakipo tena, pale palipokuwa na viroba pana ukuta wa matofali, na turubai la msiba lilikuwa limefungwa juu ya mahali tulipokuwa tunatabiri msimu. Mama Neema alikuwa ndani kwenye mkeka, katikati ya wanawake, amepungua lakini sauti haijapungua. Akanishika mkono akanivuta karibu. "Haya, niambie," akasema. "Usije ukasimama pale ukamtabiria mbinguni, Shija. Miaka yote nimewacheka, leo siwezi kubahatisha." Nikamwambia sikioni nitakachosema. Alinitazama, machozi yakamlengalenga. Akasema, "Sema hivyohivyo."

Wasifu ukasomwa, mtoa salamu wa kijiji akasema, kisha katekista akaniita. Nilisimama mbele ya jeneza. Kulikuwa na vijana wengi wasionijua, na nyuma kabisa, kwenye benchi, niliwaona Simoni na fimbo ya kutembelea na Hamisi na kofia yake nyeupe, wameketi pamoja, wananitazama kwa hofu ileile ya Jumapili ile. Nikasema mimi ni Shija, nilikula kwenye nyumba hii. Nikasema mzee huyu tumemwosha kwenye karai miaka yote na sampo yake tumeiona sote. Halafu nikageuka nikatema mate pembeni. "Hamna kitu," nikasema. "Huko anakokwenda hafiki. Malango atayakuta yamefungwa, hakuna atakayemjua, na firigisi hatapewa."

Katekista alifunga kitabu chake. Kijana mmoja wa ukoo akainuka nadhani anitoe, na Neema akamvuta shati akae. Nilisimama pale, nisiyeamini gundu, nikiwa nimeweka kila kitu nilichonacho kwenye yale maneno. Ndipo kutoka kwenye benchi la nyuma nikaisikia sauti ya Simoni, ya kizee na nzito. "Hamna kitu," akasema. Hamisi akavua kofia. "Hamna kitu kabisa," akaitikia. Na kutoka ndani, kupitia dirishani, kwa sauti ya mwanamke ambaye hakuwahi kuikubali hesabu yetu hata siku moja, Mama Neema akasema, "Kabisa."